Shamba Lilipokwenda Bohari

Usiku wa jana niliota chifu amepita nyumbani kutangaza kwamba mbolea ya ruzuku haitatolewa tena kwa mwenye jina kwenye hati. Hati ya shamba langu bado ina jina la marehemu mume wangu, Masinde. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikinyimwa mbolea, na shemeji yangu Mukhwana akiichukua kwa niaba ya ukoo. Sasa, chifu akasema, shamba lenyewe lifike bohari lijieleze.

Nikaenda kuliamsha. Halikubisha. Liliniomba tu ninawe miguu kwanza, tusije tukaonekana watu wasiotunzana. Kisha likajikunja kama mkeka, ekari mbili pamoja na migomba yake, nikalibeba mgongoni kwa leso. Halikuwa zito. Kilichonichosha ni maswali, maana halikuwahi kutoka nyumbani, na kila tulipopita lilitaka kujua lile ni shamba la nani na mbona limenenepa vile.

Tunafika bohari, nayo ni darasa nililosomea nikiwa mdogo. Mifuko ya mbolea imekaa kwenye madawati. Mmoja unanisalimu.

"Karibu, ma."

Nangoja. Karani ananieleza kwamba mfuko huo ni wa nusu bei, kwa hiyo husema nusu ya neno. Nusu ya pili ni ya serikali. Anakohoa, anasimama wima.

"Ma," anamalizia.

Shemeji Mukhwana ameshafika, amevaa koti la harusi. Anaeleza kwa adabu kwamba shamba ni la kaka yake, kwa hiyo ni lake, na kwamba mjane ni mgeni, anaweza kuolewa kesho akaenda zake. Mifuko inatikisa vichwa, nusu nusu.

Karani analiinamia shamba kama daktari.

"Mwenyewe ni nani?"

Shamba linafikiri. Migomba inatikisika.

"Masinde yuko kwangu, kona ya juu, na halalamiki," linasema. "Huyu bwana simjui kwa miguu. Hajawahi kunikanyaga bila viatu."

"Na Mama Nanjala?" karani anauliza, akinionyesha kwa kalamu.

"Huyo huniumiza kila mwaka kabla ya mvua. Ndiye mwenyewe."

Sikujua kama huwa linaumia. Nataka kuliomba radhi lakini mifuko imeshaanza kupanga foleni nyuma yangu, na darasa limekuwa njia ya kwetu.

Tulirudi tumechoka. Shamba lilijitupa mahali pake bila kuangalia, kama mtu aliyetoka kukesha msibani, likalala papo hapo.

Nilipoamka nilichukua jembe nikatoka. Mahindi yalikuwa yamesimama vizuri, hata jani moja halikuvunjika. Ila mistari, ambayo niliipanda ikikata mteremko kama bwana shamba alivyotufundisha, sasa yote ilikuwa ikishuka moja kwa moja kuelekea mtoni.

Mukhwana alikuwa amesimama mpakani, akiitazama mistari hiyo. Tulisalimiana. Alisema tu kwamba siku nitakayokwenda kuchukua mbolea yangu, punda wake na mkokoteni wapo.