Meno Kumi na Moja ya Tilly

Alhamisi, saa tisa kasoro robo alasiri, Kirsty Hepple alikuwa akipanga vikombe katika ukumbi wa kanisa mjini Cresby, pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Vikombe sitini, vyote vya kijani, viwili vimemeguka ukingo. Birika kubwa la umeme lilikuwa limeanza kukoroma. Kando ya sahani ya biskuti aliweka kisanduku cha plastiki chenye umbo la jino, kile wanachopewa watoto hospitalini. Ndani yake mlikuwa na meno kumi na moja ya binti yake Tilly, mwenye miaka sita.

Meno hayo yaling'olewa yote siku moja, Tilly akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, baada ya kusubiri miezi kumi na minne. Hapo Cresby hapakuwa na daktari wa meno aliyepokea wagonjwa wapya wanaotibiwa kwa gharama ya serikali. Miezi hiyo yote Tilly alitafuna kwa upande mmoja, kisha kwa upande wa pili, kisha akaacha kutafuna, akawa anamung'unya mkate uliochovywa kwenye chai. Alipopewa kisanduku, alikataa kukiweka chini ya mto ili kijini cha meno, kile ambacho watoto huambiwa hununua meno usiku, kije kumwachia sarafu.

"Kile kinanunua yaliyodondoka yenyewe," alisema. "Haya yangu bado yana hasira."

Na kweli yalikuwa nayo. Yalikaa kwenye dirisha la jikoni, na kila taarifa ya habari ilipotaja neno afya, yalisagana. Mama yake Kirsty, Bibi Doreen, alikuwa akiongeza tu sauti ya televisheni.

"Ya mjomba wako yalikuwa hivyo hivyo," alimwambia Kirsty. "Yalimng'ata mkaguzi wa mgodi."

Ukumbi ulijaa. Serikali ilitaka maoni ya wananchi: je, floraidi, madini yanayoimarisha meno, yaongezwe kwenye maji ya bomba? Bwana Fairclough, afisa aliyetoka London kwa treni ya asubuhi, aligawa fomu zenye visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

"Hiyo ni sumu!" Mzee Norman Stobbs alisimama. "Sitaki kutiliwa kitu kwenye maji yangu bila kuulizwa."

"Si ndiyo unaulizwa, Norman!" sauti ilitoka nyuma.

"Na maji yenyewe unayanywa lini?" mwanamke mmoja alidakia. "Tangu nikujue wewe ni bia tu."

Kirsty alingoja zamu yake, maana watu wa Cresby hupanga foleni hata wakiwa na hasira.

"Mimi nimetia alama kwenye Ndiyo," alisema alipofika mbele. "Wekeni, tena leo. Lakini fomu haina mahali pa kuuliza daktari wa meno yuko wapi."

"Hilo liko nje ya mada, mama," Bwana Fairclough alijibu kwa upole. "Ingawa tuseme ukweli, wazazi nao na pipi zao..."

Kirsty aliweka kisanduku mezani. Kila jino alikuwa amelibandika kikaratasi chenye jina na anwani, kama fomu ilivyoagiza kwa kila maoni.

"Basi haya ni maoni ya binti yangu. Yako kumi na moja."

"Maoni yanatakiwa yawe ya maandishi," alisema Bwana Fairclough, akakisogeza kisanduku kwa ncha ya kalamu.

Ikafika saa ya chai, kwani hapo hakuna kikao kinachoisha bila chai. Kirsty alimpelekea mwenyewe.

"Sukari ngapi, kipenzi?"

"Vijiko viwili."

Alimtilia vinne.

Bwana Fairclough aliuma biskuti, akasita. Mbele ya meno yake meupe yalikuwa yameota kumi na moja mengine, madogo, yenye mashimo meusi, pamoja na vikaratasi vyake vya majina. Kisanduku kilikuwa kitupu. Mzee Norman alivaa miwani, akamchungulia.

"Yamekukaa vizuri," alisema, akachukua biskuti iliyobaki.

Machozi yalimtoka yule bwana bila sauti. Raha ilimpanda Kirsty kuanzia nyayoni, kama mtu aliyetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto. Akammiminia chai nyingine, ya moto zaidi.

Bwana Fairclough aliomba namba ya daktari wa meno. Bibi Doreen alizijua zote kwa kichwa.

"Wa kwanza hapokei. Wa pili kahamia Hispania. Wa tatu, pale siku hizi wananyoa mbwa. Mpigie wa kwanza, atakuandika kwenye orodha."

Walimwandika. Akawa wa mia tisa na arobaini.

Kwa siku tatu hakuweza kusafiri. Alikaa dirishani kwenye hoteli ya ufukweni, akimung'unya mkate uliochovywa kwenye chai. Tilly na mama yake walipita hapo kila walipotoka shule. Siku ya tatu Tilly alisimama, akabonyeza pua yake kwenye kioo.

"Tafuna kwa upande wa pili," alimwelekeza. "Nao ukianza kuuma, rudia wa kwanza. Ndivyo inavyofanywa."

Siku ya nne mke wake alimpatia daktari wa kulipia huko London. Kabla ya chakula cha mchana yote kumi na moja yalikuwa yametoka.

Ripoti ilifika majira ya machipuko. Floraidi itawekwa, miaka michache ijayo. Suala la madaktari wa meno lilikuwa nje ya mada. Maoni kumi na moja hayakuhesabiwa, kwa kuwa hayakuwa ya maandishi. Yanarejeshwa kwa mwenyewe pamoja na shukrani. Ndani ya bahasha mlikuwa na kisanduku.

"Alilia?" Tilly aliuliza.

"Alilia sana, mwanangu."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Tilly alifikiri. "Hazitoshi," alisema, akayarudisha meno dirishani. Kufikia wakati wa kunywa chai yalikuwa yamegeuka yote kuelekea kusini, upande wa London.

Wiki hiyo gego jipya la Tilly, lile la ukubwani, lilianza kumuuma. Kirsty alipiga simu.

"Atakuwa wa mia tisa na arobaini na moja," alisema binti wa mapokezi. "Mbele yake yuko Bwana Fairclough, wa mwisho kuandikwa. Hajafuta jina lake."

Dirishani, meno yalianza kusagana. Bibi Doreen akaongeza sauti ya televisheni.