Maamiri Kumi na Saba

Mtu nisiyemjua alinipigia saluti asubuhi ya Jumamosi, pale Belmont kwenye meza ya muuza mikate ya dengu, vidole vyangu vikiwa vimelowa pilipili. Haikuwa saluti ya polisi wala ya skauti. Alibandika vidole vitatu kwenye paji la uso, kisha akavifungua kuelekea juu, kama moto unaoshika. Akacheka, akachukua mikate yake, akaenda zake.

Mkate wangu ulianguka miguuni. Saluti ile ilizaliwa uani kwangu, kwenye kambi yetu ya kushonea mavazi ya karnivali, na walioijua walikuwa watu saba tu.

Hapa Port of Spain kundi la karnivali ni kama mwari: akishaonwa na wapita njia kabla ya siku yake, ngoma imeharibika. Mwaka juzi mjukuu wangu Jeselle alichora kundi lake la kwanza, ndege wa mikokoni, na kambi ya mtaa wa pili ikatangulia kutoka na ndege walewale. Watu wakamcheka yeye kwa kuiga kazi aliyoibiwa. Safari hii aliniambia neno moja, kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio:

"Bibi, wakituiba tena, nakwenda Toronto kwa mama, na sirudi."

Sanduku lake lilikwisha fungwa, liko chini ya meza ya kukatia nguo.

Ndiyo maana mpango wote wa Utumishi wa Nyota, kundi letu la mwaka huu, ulilala kwenye kopo la biskuti, kopo na kufuli yake, ufunguo shingoni mwangu. Ulitoka mchana wakati wa kazi tu. Ilikuwa karatasi ya kaki ndefu kama shuka, na juu yake ngazi ya vyeo: Amiri wa Anga, Nahodha wa Sayari, Msoma-Nyota, Mpiga Ramani, Tabibu wa Vumbi. Kila cheo na rangi yake, beji yake, na mistari yake ya mkononi. Jeselle alisisitiza kwamba hilo si jeshi. Watu hawa hawaendi kupigana na mtu, wanakwenda kuangalia tu. Nililipenda wazo hilo. Ila alifanya kosa letu sote wa hapa: aliwaachia wanakundi wajichagulie vyeo, kwa majina tu, bila kuonyeshwa mchoro wala saluti. Tukapata maamiri kumi na saba.

"Na wa kufagia chombo?" nilimuuliza.

"Bibi, angani hakuna vumbi."

"Sasa huyo Tabibu wa Vumbi anatibu nini?"

Alinibusu utosini, akaendelea kuchora. Chini kabisa ya ngazi, mahali pasipo na cheo, niliona alama ya penseli iliyofutwa. Haikuwa ya Jeselle. Yeye hafuti, hupasua.

Shaka haipigi hodi. Huingia, ikavuta kiti, ikakaa. Nikawapitia wale saba mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele, na kila mara jiwe nililolikuta lilikuwa Hollis. Hollis ndiye mkunja nyaya wetu. Mikono yake ndiyo mifupa ya kila vazi, na nimemjua tangu tuna meno ya utoto. Lakini tangu mwezi uliopita, kila ikifika saa tisa alasiri, alitia kofia kichwani akatoka bila kuaga.

"Wapi tena, Hollis?"

"Kwa daktari wa macho."

"Kila siku? Una macho mangapi wewe?"

"Mawili tu, bibie, na yote yamechoka kukutazama."

Kambi nzima ilicheka. Nami nilicheka, nikaweka kiporo.

Mama yangu alikuwa akimnasa mwizi wa sukari kwa kuchora alama juu ya sukari yenyewe. Nikachora yangu. Nilimnong'oneza Hollis, yeye peke yake, kwamba Jeselle ameongeza cheo kipya, Mlinzi wa Mwezi. Cheo hicho hakikuwapo. Siku ya tatu, kwenye meza ileile ya mikate, yule mtu wa saluti aliniinamia.

"Shikamoo, mama. Mlinzi wa Mwezi hajambo?"

Nikalipia mikate yangu. Ilipofika saa tisa nilivua aproni, nikamfuata Hollis kwa miguu, mimi na magoti yangu haya. Alipanda kilima hadi nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kanisa, akapotelea barazani. Nikasimama nyuma ya ua.

Wa kwanza kumwona ni yule mtu wa saluti, amebeba sinia la chai: kumbe ni mpishi wa pale. Wa pili ni Hollis, akigonga kijiko kwenye chupa. Mbele yake wazee wanne wamejipanga, kila mmoja na mpini wa ufagio, wanachokoa tanuri lisiloonekana. Mabega yanarudi nyuma, visigino havinyanyuki sana. Na aliyekuwa akiwafundisha, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa miwani ya mchomea vyuma, alikuwa Carlyle.

Carlyle alikuwa mume wangu. Miaka kumi na tisa iliyopita alitoka kwenda kununua barafu, na mpaka leo kinywaji changu ni cha moto. Zamani, makundi ya karnivali yaliyovaa kibaharia yalipotawala barabara, yeye alicheza mtia makaa, cheo cha chini kuliko vyote: miwani mieusi, fimbo ndefu ya chuma, na ile ngoma ya mtu anayelisha moto. Watu waliwaacha maamiri wapite, wakamtazama yeye.

Nikaingia.

"Hujaja kuniona miaka yote hii, Oriel," alisema, bila kuvua miwani.

"Hata leo sikuja kukuona. Nimekuja kukamata mwizi."

Kijiko cha Hollis kilinyamaza. "Nimekosa. Lakini kambi nyingine sijaitamkia neno."

"Na mpishi?"

"Mpishi ana masikio yake mwenyewe."

"Amenisomea ngazi yenu," Carlyle alidakia. "Maamiri kumi na saba, na hakuna hata mmoja wa kutia makaa! Chombo kitaondoka kwa nini, kwa saluti?"

"Chombo cha anga hakili makaa, Carlyle."

"Kila kinachokwenda kinakula kitu. Na yupo mtu anayekilisha, jasho linamtiririka, mkononi hana mstari hata mmoja."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu huyo namjua kuliko anavyomjua yeye: alibaki na cherehani na watoto watatu, wakati mwenziwe anatafuta barafu. Nikameza. Wale wazee wanne walikuwa wameinua mipini yao, wanasubiri.

Nyumbani, Hollis akiwa nyuma yangu, nilimweleza Jeselle yote, hata mpishi sikumficha. Alilitupia jicho sanduku.

"Huyo mpishi ana ndugu kambi nyingine?"

"Sijui. Hapa kila mtu ana ndugu mahali."

Alikunjua ile karatasi, akaweka kidole palipofutwa. "Hii ni yako, babu Hollis?"

"Niliandika Mtia Makaa, nikaogopa, nikafuta."

"Wanaweza kutembea?"

"Hatua arobaini. Kisha wapumzike."

Jeselle alishika penseli. Akaandika upya palipofutwa.

"Basi chombo kitasimama kila hatua arobaini," alisema. "Maamiri watasubiri."

Sanduku lilibaki chini ya meza, nami sikuuliza. Nilitandaza kitambaa cheusi, nikapima beji tano: wanne na Carlyle.

Hollis akakohoa. "Sita."

"Nimehesabu watano."

"Kiti cha Carlyle hakijisukumi chenyewe, bibie."

Niliinua macho. Walikuwa wakinitazama wote wawili. Mara Hollis akakumbuka nyaya zake, na Jeselle akaanza kuchonga penseli iliyokwisha chongoka. Nikachukua mkasi. Ya sita niliikata polepole, nikiwaangalia kwa juu ya miwani, nikijiuliza wamelipanga tangu lini.