Kadi Arobaini za Foleni

Mchezo wenyewe uliitwa Foleni. Wachezaji wanne hadi sita hupanga kete zao mbele ya dirisha la ofisi, huvuta kadi, na anayefika dirishani kabla halijafungwa ndiye mshindi. Kadi ni arobaini. Bi Kete alizitunga kwa miaka mitatu, akazijaribu peke yake kwa kuhama kiti hadi kiti kuzunguka meza, na mara mbili alijishinda kwa hila.

Zilichapwa nakala mia tatu. Zilipokosa wanunuzi zikahamia sebuleni kwa kaka yake, alikokuwa akiishi, zikapangwa ukutani na kutandikwa shuka. Wageni walikaribishwa kuzikalia. Hiyo ndiyo njia pekee ambayo watu wa nje waliwahi kuugusa mchezo ule, na tuseme ukweli, hawakuugusa kwa mikono.

Mke wa kaka ndiye aliyeleta wazo la fulana. "Wifi, watu hawanunui wasichokijua," alisema. "Tuchape maneno ya kadi kwenye fulana, tuziuze mtandaoni. Mtu akiulizwa fulana hii ya nini, si atautaja mchezo?"

Lilikuwa wazo zuri, ila lilifaulu nusu. Fulana ya kadi namba moja, "Subiri Zamu Yako", iliuzwa kama njugu. Vikombe vya "Dirisha Limefungwa" viligombewa na makarani. Jina la mchezo liliandikwa chini kwa herufi ndogo, na mteja mmoja tu ndiye aliyeuliza: alitaka kujua kama Foleni ni jina la kiwanda cha nguo. Siku moja Bi Kete alitia boksi la mchezo kwenye kifurushi cha mteja, zawadi. Likarudi na kikaratasi cha adabu: "Mmetutumia na hili kwa bahati mbaya. Halijafunguliwa."

Neno hilo la mwisho lilimuuma. Wangesema mchezo ni mbaya, angelala usingizi. Lakini hakuna aliyewahi kuucheza hata akauchukia.

"Chema chajiuza, dada," alisema kaka yake, bila ubaya, huku akitafuta pa kuweka miguu. Alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa karatasi chakavu. Angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mkokoteni, azoe maboksi yote. "Fulana endeleeni nazo. Mimi nataka kochi."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili ofisi moja ilipoagiza fulana arobaini, "kama ile ya kwenye picha", kwa ajili ya wiki ya wafanyakazi. Wifi hakuwahi kuzichapa. Mama yake aliugua, naye akaenda kumuuguza. "Mashine unaijua," alimwambia Bi Kete akifunga begi. "Fulana arobaini, basi."

Muuza fulana yeyote angeona hapo watu arobaini. Bi Kete aliona seti kamili ya kadi. Kwa mtu aliyeishi na michezo ya mezani kama alivyoishi yeye, kuagiza kadi ileile mara arobaini ni jambo la mwendawazimu. Seti ya hivyo haichezeki. Kwa hiyo alichapa ya kwanza hadi ya arobaini, namba kifuani, amri mgongoni. Akazikunja, akazipanga kwa namba, kisha akazichanganya, maana ndivyo sheria inavyosema. Akazituma.

Wifi alirudi Ijumaa iliyofuata, wiki ya wafanyakazi ikiwa inakwisha. Aliposikia habari alikaa juu ya maboksi.

"Wifi," alisema polepole, "umewatumia watu wazima arobaini amri arobaini."

"Ni seti kamili."

"Waliomba fulana."

Hapo ndipo Bi Kete alipoelewa. Wifi akaandika barua pepe ya kuomba radhi, ikasomwa, haikujibiwa.

Jumamosi asubuhi kaka alikuwa amekaa juu ya maboksi akimsubiri mwenye mkokoteni, simu ilipoita. Alikuwa mkuu wa utumishi wa ile ofisi, mama mwenye sauti kavu. Wifi aliweka spika, akaanza kuomba radhi.

"Mimi nimevaa namba kumi na saba," yule mama alimkatiza. "Mgongoni nimeandikiwa nikikutana na namba tisa tubadilishane nafasi. Namba tisa ni mpika chai. Tangu Jumatatu yeye yuko mezani kwangu, mimi niko jikoni. Anasaini barua vizuri tu, sina malalamiko. Ninachouliza ni, narudi vipi?"

Hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza Bi Kete swali kuhusu sheria za mchezo wake. Alimpokonya wifi simu.

"Mtafute namba ishirini na sita. Huyo ndiye anayerudisha watu kwenye nafasi zao."

"Ni mlinzi wa getini. Nimemwendea. Anasema hafanyi kitu mpaka avutwe."

"Yuko sahihi," alisema Bi Kete. "Kadi haijichezi."

"Kwa hiyo kuna sheria zilizoandikwa."

"Zipo, mama. Kijitabu kizima, kiko ndani ya boksi la mchezo."

"Basi tuletee maboksi saba. Idara ziko saba, kila moja inacheza kivyake, na zote zinadai zimeshinda."

Bi Kete alikuwa na furaha hadi akaona haya mbele ya watu wake. Alirudisha simu kwa wifi, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, inuka," alisema. "Umekalia sheria."

Kaka aliinuka. Mlangoni mtu alibisha hodi, mkokoteni nyuma yake, akauliza aanzie wapi. Kaka, maboksi mawili yakiwa tayari mikononi mwake, alimwambia asubiri.