Kitanda chenye Mapazia

Beryl aliichagua ile nyumba kwa sababu ya kitanda, ingawa wenzake aliwaambia ni kwa sababu ya hewa. Ilikuwa nyumba kubwa ya mawe huko mashambani Shropshire, Uingereza, ya matajiri wa zamani, ambayo siku hizi hukodishwa kwa yeyote mwenye siku ya kuzaliwa na marafiki wa kuchangia. Kwenye picha kitanda kilikuwa na nguzo nne na mapazia mekundu. Beryl alikuwa anatimiza miaka sabini, na maisha yake yote alikuwa amelalia vitanda vya kawaida, tena kwa muda mrefu pamoja na mume anayekoroma. Alikitamani kitanda kile kama mtoto anavyotamani pipi ya dukani.

Walifika Ijumaa watatu: yeye, Hilary mwenye nyonga ya bandia, na Noreen mwenye mdomo. Wakapanda ngazi, wakafungua chumba, na kitanda kikawapo kweli, kipana kama jukwaa.

"Hiki chako, Beryl," akasema Noreen. "Mwenye siku yake ndiye analala kifalme."

Sasa, sisi Waingereza tuna adabu yetu. Ukipewa kitu unachokitamani, unakataa. Ukipewa tena, unakataa tena, kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unashusha pumzi na kusema haya basi, maadamu mnanilazimisha. Beryl alifunzwa hivyo na mama yake, ambaye hadi anakufa hakuwahi kuchukua biskuti ya kwanza. Basi akakataa. Akasema yeye hana makuu, kale kachumba ka watoto kanamtosha. Noreen akasisitiza. Beryl akakataa tena, huku ameshachagua upande atakaolala.

"Kama una hakika, shoga," akasema Hilary, akautua mkoba wake kitandani.

Mara ya tatu haikuja.

"Hakika kabisa," Beryl akajibu, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Kwa hiyo bibi mzima akalala kwenye dabodeka, kitanda cha ghorofa cha watoto, kwenye shuka zenye picha za sungura, miguu ikining'inia nje. Asubuhi alimuuliza Hilary kalalaje. Hilary akasema vizuri sana, asante, na wewe? Beryl akasema naye vizuri sana. Wakanywa chai. Kwetu asubuhi husemwa hayo tu, hata kama paa limeanguka.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Baada ya chakula cha mchana wenzake wakavaa gambuti waende kutembea mvuani, maana kwetu kukaa karibu na moto mchana ni uvivu. Beryl akasingizia goti. Alipowasikia wamevuka geti, goti likapona. Akanyata mpaka chumbani kwa Hilary, akavua viatu, akapanda kitandani na kuyavuta mapazia pande zote. Mle ndani mkawa na giza jekundu, zuri. Godoro lilikuwa na shimo katikati ambalo ng'ombe angeweza kuzaa ndani yake, lakini Beryl akajifanya hakulihisi. Akajiona malkia. Malkia akasinzia.

Alizinduliwa na sauti za kumwita, mara jikoni, mara bustanini. Noreen alikuwa anasema labda ametumbukia bwawani, na hii keki mishumaa imeshawashwa. Mtu mwenye akili angetoka akadai alikuwa anatafuta miwani. Beryl akajifunika shuka gubigubi. Hapo ndipo alipokumbuka viatu vyake, alivyoviacha zuliani vimepangwa sawasawa kama vya mtu aliyeingia msikitini.

Pazia likafunguliwa.

"Nilikuwa nakujaribishia," akasema Beryl kutoka chini ya shuka. "Kama kina baridi."

"Shoga, nyonga yangu inalia kama mlango mbovu," akasema Hilary. "Tangu asubuhi nangoja useme unakitaka."

"Mbona hukusema wewe?"

"Ningesemaje, na wewe umenipa kwa moyo mweupe?"

"Mweupe wapi. Nilikuwa nangoja mnibembeleze mara ya tatu."

Noreen, aliyeshika keki huku koti likimchuruzika maji, akawaambia wote wawili ni mabwege na nta inadondokea sukari. Beryl akaizima mishumaa akiwa amezama ndani ya lile shimo, kichwa tu kikionekana.

Wakabadilishana vyumba. Jumapili asubuhi Hilary aliteremka anaimba. Dabodeka lilikuwa limemnyoosha. Beryl akaja nyuma yake ameshika ukuta, amejikunja kama kiti cha kukunja. Hilary akamuuliza, kwa upole wa kuudhi, kalalaje.

"Vizuri sana, asante."

Noreen akacheka mpaka akamwaga chai. Kisha akaisogeza mezani ile keki ya jana, kipande kimoja tu kilichobaki, akamwambia Beryl ni chake.

"La, kuleni nyie," Beryl akasema, kama alivyofunzwa. Ila safari hii mkono wake ulikuwa umeshaishika sahani.