Mikono ya Cherehani ya Nne

Saa kumi na moja kamili kengele ililia, na mshona kola wa cherehani ya nne akabeba mkoba wake kwa meno, akaenda nyumbani. Mikono yake ilibaki inashona.

Msimamizi alishusha pumzi. Siku ya tatu hiyo, na notisi iko ubaoni: marufuku kufanya kazi saa za ziada bila kibali cha meneja. Kibali chenyewe meneja hatoi ng'o, lakini kola arobaini za mashati kwa siku anazitaka, na ndani ya saa za kazi fundi awe nani hapiti thelathini. Haya, msimamizi afanyeje? Sheria ni msumeno. Aliandika barua ya onyo. Mkono wa kulia ukasaini kuipokea, wa kushoto ukamrudishia nakala, kisha yote miwili ikaendelea na kola ya thelathini na mbili.

Asubuhi mshona kola alivaa mikono yake, akaitwa kwa meneja kujieleza.

"Mimi nilikuwa nyumbani, bosi," alisema. "Mwanangu siku ya tatu sasa hajasukwa. Mkono mmoja haulei mwana, sembuse viwiko."

Meneja aliamua kwamba aliyekwisha kuondoka hawezi kudai saa za ziada, ila onyo libaki kwenye faili. Msimamizi roho ilimuuma, akalitia failini. Naye ana bosi.

Jioni hiyo mikono ilibaki tena, akaja binti wa mshona kola, wa miaka saba, na kitana chake, nywele zimemtimka. Aliamkia vizuri, akaketi sakafuni kando ya cherehani ya nne.

"Kesho tunapigwa picha shuleni, shangazi," alimwambia msimamizi.

Mikono ilimgusa utosini, ikarudi kwenye kola. Ikamgusa tena, ikarudi. Zilikuwa zimebaki nane.

Msimamizi alitazama notisi, akatazama mlango. "Sogea kidogo, mwanangu," alisema, akaketi, akazishona zile nane mwenyewe. Ya sita ilikwenda upande, maana ni mwaka wa kumi hajagusa cherehani. Mikono ilisuka mistari kumi na miwili, imenyooka.

Kesho yake aliandika barua mbili za onyo, moja ya mikono, nyingine yake mwenyewe, akazipeleka kwa meneja. Alirudi na notisi mpya, akaibandika: kwa kuwa arobaini zinamalizika, kuanzia leo ni kola hamsini.