Suuza Mara Tatu

Saa moja na dakika arubaini asubuhi, kijikaratasi cha kupimia asidi kilitoka ndani ya chupa kikiwa kijani. Kilitakiwa kiwe chekundu.

Mwanagenzi alichovya cha pili katika chupa ya pili, na cha tatu katika ya tatu. Kijani, kijani. Alivipanga juu ya karatasi nyeupe, akaandika saa pembeni.

Maabara ya ofisi ya mazingira ilikuwa bado tupu. Alikuwa ametimiza miezi mitatu hapo, mmoja wa wanafunzi sita waliopelekwa kujifunza kazi, na katika hao sita ni mmoja tu angebakizwa kwa mwaka mzima wa utafiti. Fomu za mapendekezo zingeondoka na tarishi saa nne kamili asubuhi hiyo. Yake ilikuwa mezani kwa mkuu wa kitengo, ikisubiri sahihi. Juu ya meza hiyohiyo kulikuwa na cheti cha kukiruhusu kiwanda cha ngozi kufungua tena koki ya bwawa lake la maji machafu kuelekea mtoni. Cheti kiliegemea namba moja: kromiamu, metali ya sumu itokanayo na kusindika ngozi, miligramu 0.04 kwa lita. Kikomo ni 0.5. Namba hiyo ilitoka katika chupa hizi tatu, na aliyezijaza ni yeye.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye suruali. Alfajiri alikuwa anapiga pasi suruali ya kazi, ile aliyoivaa siku ya bwawani, mama yake mdogo akaishika juu ya taa.

"Haya matundu ya nini? Panya wa serikali?"

Yalikuwa matundu matano juu ya goti la kulia, madogo kama vichwa vya njiti, kila moja na ukingo wa manjano.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mdogo akacheka. "Na hiki kimekula kwelikweli. Nimeshawaambia majirani wote unabakizwa, usiende kazini umetoboka kama chujio."

Mwanagenzi hakucheka. Asidi ndiyo hutoboa nguo namna ile, na siku ile bwawani hakuwa amebeba asidi. Labda kama ilikuwa ndani ya chupa.

Chuoni walifundishwa hivi: chupa ni tupu, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayoyachota, jaza, kisha tia asidi. Ofisi hii ilifanya kinyume. Asidi iliwekwa kabisa maabara, matone machache chini ya kila chupa, ili huko nje mtu asihangaike nayo. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kila mtu alidhani mwingine amemwambia. Yeye aliyaona yale matone, akadhani ni mabaki ya maji ya kuoshea. Akasuuza mara tatu, kwa bidii, akamwaga.

Saa mbili kasoro dakika kumi mkemia aliingia na mkoba wake. Wafanyakazi walimwita Desimali, kwa sababu hata akiulizwa umri hakubali kukadiria. Aliviona vijikaratasi kabla ya kuitikia shikamoo.

"Hizi ni chupa za kiwanda?"

"Ndiyo, madamu. Nilizisuuza. Nilimwaga asidi bila kujua."

Desimali alichovya cha kwake mwenyewe. Kijani. Alifungua daftari la kupokelea sampuli, akashusha kidole ukurasani. Katika safu ya "asidi imehakikiwa" palitakiwa alama ya vema kwa kila chupa. Hapakuwa na alama hata moja. Palikuwa na mstari mmoja mrefu wa wino, umeshuka toka juu hadi chini ya ukurasa, chupa zote kumi na tisa za siku ile kwa mpigo, hizi tatu zikiwemo.

"Mstari huu ni wangu," alisema. "Nilisikia umezileta wewe, nikasema huyu hakosei." Akalifunga daftari. "Ungevitupa hivi vijikaratasi pipani, nani angejua?"

"Sijui, madamu."

"Mimi najua. Hakuna." Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Fomu yako imeshasainiwa?"

"Bado."

"Na bado umekuja kuniambia."

"Watu wanachota maji kilomita tatu chini ya koki, madamu."

"Hilo nalijua tangu hujazaliwa. Beba chupa."

Mkuu wa kitengo alikuwa kwenye kikao hadi saa tatu na nusu. Walisubiri kwenye benchi la korido, chupa tatu katikati yao kama mgonjwa. Mlango ulipofunguliwa, meneja wa kiwanda aliingia kabla yao, suti imenyooka, kalamu tayari mkononi.

"Mzee," mwanagenzi alianza, akiziweka chupa mezani. "Ile 0.04 si ya kutegemewa. Kosa ni langu. Asidi ikikosekana, kromiamu hunata kwenye kuta za chupa. Mashine inapima maji, haipimi chupa."

"Namba ni namba," meneja alisema. "Tumefunga wiki tatu. Leo kaibuka binti wa shule na kijikaratasi cha rangi, turudi nyuma?"

"Huenda namba yenu ni ndogo kweli," mwanagenzi alimjibu.

"Ndivyo nisemavyo!" meneja alidakia.

"Huenda. Hatujui. Ndiyo shida yenyewe."

Mkuu alimgeukia Desimali. "Nawe ulihakiki?"

"Sikuhakiki, mzee. Nilipiga mstari." Aliweka daftari wazi mbele yake.

Mkuu alikisoma cheti tena, akakikata kwa mstari wa mshazari, akaandika "kimebatilishwa" na saa: tatu na dakika hamsini na moja. Meneja alitoka bila kuaga, simu sikioni.

Ndipo mkuu alipoivuta fomu. Alisoma kwa sauti sentensi aliyoiandika mwenyewe wiki iliyopita: "Makini, hana kosa lililowahi kurekodiwa." Akaiweka chini. "Siwezi kusaini uongo, binti. Lete fomu nyingine. Uandike kosa wewe mwenyewe, nami nisaini yote mawili, kosa na kulisema."

Fomu mpya ilikuwa na kurasa nne. Alikuwa kwenye ukurasa wa pili, tarishi aliposimama mlangoni na mfuko wake.

"Mzee, saa nne. Gari la barua halimsubiri mtu."

"Dakika kumi tu."

"Jana niliambiwa dakika moja, mzee, nikaachwa nikaonekana mjinga."

Mkuu alitazama saa ya ukutani, akatazama kalamu ya mwanagenzi, kisha akamkabidhi tarishi fomu tano za wanafunzi wengine. Tarishi alizihesabu mara mbili, akafunga zipu. Nyayo zake zikasikika hadi mwisho wa ngazi.

"Malizia kuandika," mkuu alisema. "Itakaa kwenye faili lako." Akainua simu kuagiza gari.

Saa tano na robo walikuwa ukingoni mwa bwawa. Lakiri ya serikali ilikuwa bado kwenye gurudumu la koki, haijakatwa. Dereva aliitazama suruali ya mwanagenzi yenye matundu, akamwambia, "Leo ukimwaga kitu, mwagia tairi, si viti."

Mwanagenzi alifungua chupa ya kwanza. Matone yalikuwa chini, yakimetameta. Hakusuuza. Alichota kwa kopo la mpini mrefu, akamimina polepole hadi mabegani mwa chupa, akaacha nafasi, akachovya kijikaratasi.

Kilitoka chekundu.

Desimali alikitazama kwa karibu, akafungua daftari juu ya boneti, akaweka vema moja kwenye kisanduku kimoja, akaandika pembeni: saa tano na dakika kumi na saba.