Gorogoro Yangu Kamukuywa

Miaka thelathini nimeuza maharagwe Kitale, na miaka yote hiyo nikisikia sifa za Kamukuywa: soko la kando ya mto, ambako inasemekana watu walibadilishana nafaka ya wimbi na vyungu kabla lami haijafika. Mwaka huu nikajiambia, Wahu, utazeeka bila kuliona? Nikapakia magunia mawili nikaenda.

Mahali penyewe ni pazuri, sitaficha. Soko linateremka polepole hadi mtoni, na mto unasikika hata watu wakipiga kelele. Nikatandika gunia, nikaanza kupima maharagwe kwa gorogoro, lile kopo letu la kilo mbili. Kufikia saa nne nilikuwa na foleni.

Foleni hiyo ilimchoma Phelista, aliyetandika gunia lake kando ya langu, ambaye naye aliuza maharagwe.

"Si muangalie gorogoro yake!" akapaza sauti. "Imebonyezwa, bana. Ati mama ametoka Kitale kutuibia!"

Foleni ikavunjika. Kila mtu anaujua mchezo huo: unasukuma kitako cha kopo kiingie ndani, mnunuzi anaenda nyumbani na kipimo pungufu. Kamukuywa, anayeshikwa hivyo hufukuzwa na hakanyagi tena. Na kweli kopo langu lilikuwa na makunyanzi. Asubuhi lilianguka kutoka kwenye pikipiki likabonyea, nami kwa hasira nikaligonga kwa jiwe kutoka ndani. Sikulipima tena. Niliogopa sana, lakini mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa.

"Leteni yenu tupime!" nikasema. "Hapa hapa, mbele ya watu!"

Mwenyekiti wa soko, Mama Nakhungu, akaja na gorogoro ya soko, ile ambayo wote wanaiamini.

"Tunapima na maji," akasema. "Maji haidanganyangi mtu."

Tukateremka mtoni, nusu ya soko nyuma yetu. Nikajaza kopo langu hadi ukingoni. Mama Nakhungu akalipokea, akaanza kumimina ndani ya lake. Maji yakapanda, yakapanda, lake likajaa pomoni. Yangu hayakuwa yameisha. Yakamwagikia viatu vyake, na bado akawa anamimina.

"Huyu hajaiba!" akasema huku akicheka. "Tangu asubuhi anatuongezea!"

Kumbe nililigonga kwa hasira hadi kitako kikavimba kwa nje. Vigelegele vikapasuka. Nilifurahi mpaka nikalia, mimi ambaye silii ovyo.

"Sasa ya Phelista!" mtu akaita.

Tulipogeuka, Phelista alikuwa ameshafika barabarani, gunia kichwani, kopo lake amelibana kwapani. Nilimzomea, na sijutii.

Foleni ikanifuata kutoka mtoni, ndefu kuliko ya kwanza. Mama Nakhungu mwenyewe akasimama mbele, akanirudishia kopo langu kwa mikono miwili.

"Siku ya soko ijayo uje mapema, mama, hapa ni kwako," akasema. "Na hiyo kopo, tafadhali, usiinyooshe."